Modemu Haiungi: Sikiliza Kabla ya Kushika Bisibisi

Mabibi na mabwana, mafundi wenzetu, walimu wa kompyuta na wapenzi wa mashine za zamani, hamjambo.

Tumeombwa tuzungumzie modemu za simu, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu. Tuchukue kompyuta ya nyumbani ya mwishoni mwa miaka ya 1990: ina Windows 98, modemu ya 56K (kilobiti 56 kwa sekunde), na ukutani kuna soketi ya simu ya mezani. Modemu inapiga, inakwaruza, halafu inakata. Au haipigi kabisa. Mara nyingi mwenye kompyuta hukimbilia kufuta Windows na kuiweka upya. Siku nzima inaisha na tatizo liko pale pale, kwa sababu lilikuwa kwenye waya.

Hoja yetu ni moja. Simu ya modemu ina hatua tano. Modemu inatafuta toni ya laini, inapiga namba, inapatana na modemu ya upande wa pili, mtoa huduma anakagua jina na neno la siri, mwisho kompyuta inapewa anwani ya IP, yaani namba yake ya kutambulika kwenye intaneti. Kila hatua ina namna yake ya kufeli, na modemu inakwambia imekwama wapi, kwa sauti ya spika yake na kwa namba ya kosa kwenye skrini. Basi usiguse kitu kabla hujajua simu imefika hatua ipi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha ile sauti, maana wengi wameizima kwa kuwa inaudhi usiku. Fungua Control Panel, ingia Modems, bofya Properties, pandisha sauti ya spika. Ukiwa kwenye kurasa hizo hizo, ingia Connection, kisha Advanced, uweke alama ya kutunza kumbukumbu. Windows itaandika kila amri na kila jibu kwenye faili la kumbukumbu, ndani ya folda ya Windows. Faili hilo lina thamani kuliko kukisia kwa wiki nzima.

Kabla ya hatua ya kwanza kuna swali la awali: je, kompyuta inaiona modemu? Kwenye Modems, ingia Diagnostics, chagua poti yenye modemu, bofya More Info. Ikijibu orodha ya majibu ya ATI (amri ya kuiuliza modemu ni ya aina gani), kompyuta na modemu zinazungumza. Au fungua HyperTerminal, programu ya Windows ya kuandikia modemu amri moja kwa moja, andika AT, bonyeza Enter. Jibu sahihi ni OK. Amri hizi za AT zilitoka kwenye Smartmodem ya kampuni ya Hayes mwaka 1981, na karibu modemu zote zilizofuata zikazifuata.

Ikiwa hakuna OK, achana na laini ya simu kwa sasa. Tatizo liko ndani ya kompyuta. Kwa modemu ya nje, angalia waya wa serial unaoiunganisha na kompyuta, na adapta ya umeme. Adapta iliyobadilishwa na nyingine yenye plagi inayoingia lakini volti tofauti, au inayotoa DC mahali palipohitaji AC, ni chanzo cha kawaida sana. Soma maandishi yaliyo chini ya modemu, usiamini umbo la plagi.

Kwa kadi ya zamani ya ISA, kumbukeni mgawo huu wa poti (COM) na namba za kuiita prosesa (IRQ): COM1 na COM3 hutumia IRQ 4 kwa pamoja, COM2 na COM4 hutumia IRQ 3. Kipanya kikiwa COM1 na modemu ikiwekwa COM3, dalili ni ile ambayo wengi hudhani ni kirusi: modemu ikianza kupiga, kipanya kinaganda. Suluhisho safi ni kuzima COM2 ya bodi mama kwenye BIOS, kisha kuweka jampa za kadi (vile vifuniko vidogo vya pini) ziwe COM2, IRQ 3.

Kadi za PCI, aina iliyofuata ISA, za bei nafuu ni habari nyingine. Nyingi ni modemu laini (softmodem), yaani kazi ya kuchambua mawimbi hufanywa na prosesa ya kompyuta kupitia draiva. Draiva isiyo ya chipu hiyo haifai hata kama jina la kwenye boksi linafanana, kwa sababu boksi moja liliuzwa na chipu tofauti tofauti. Fungua Regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, Enum, PCI, usome VEN ya kadi, yaani namba ya mtengenezaji wa chipu: 11C1 ni Lucent, 14F1 ni Conexant, 1057 ni Motorola, 134D ni PCTEL. Tafuta draiva kwa namba hiyo. Na ukibadilisha draiva, usiweke mpya juu ya ya zamani. Ondoa modemu kwenye Device Manager, zima, chomoa kadi, washa mara moja bila kadi, zima tena, rudisha kadi, ndipo uweke draiva. Mashine ikikwambia kuna modemu mbili wakati kadi ni moja, washa kwa Safe Mode ufute zile za mzimu.

Sasa tuje kwenye laini.

Kosa namba 680 maana yake modemu haikusikia toni. Kabla ya yote, chukua simu ya kawaida, ichomeke kwenye waya ule ule uliokuwa kwenye modemu, siyo kwenye soketi nyingine ya sebuleni. Ikitoa toni, waya ni mzima. Isipotoa, badilisha waya. Hapa kuna mtego: kuna nyaya zenye plagi ya Kiingereza upande mmoja na RJ11, plagi ndogo ya simu inayoingia kwenye modemu, upande mwingine. Plagi ya Kiingereza hubeba laini kwenye pini ya 2 na ya 5, na RJ11 hubeba kwenye pini mbili za katikati. Nyaya za aina hiyo zilitengenezwa kwa mipangilio miwili, na ule usio sahihi unaingia vizuri kabisa, unabana, ila hauna kitu ndani. Waya uje na modemu yake.

Nyuma ya modemu kuna matundu mawili, LINE na PHONE. Waya wa ukutani uende LINE. Kwenye baadhi ya modemu matundu hayo yameunganishwa ndani kwa ndani na ukikosea bado inafanya kazi. Kwenye nyingine haifanyi, na ndiyo maana watu hubishana bure. Tundu la tatu la kuepukwa ni la kadi ya mtandao. Plagi ya simu inaingia humo, na simu ikiita, laini hubeba karibu volti 90 za AC, kiasi cha kutosha kuiua kadi. Kwa sababu hiyo hiyo msishike nyaya wazi za simu kwa vidole. Mwenye kipima umeme apime: laini iliyotulia huonyesha karibu volti 48 za DC, na simu ikiinuliwa hushuka hadi kati ya 5 na 12. Ukikuta 10 wakati hakuna simu iliyoinuliwa, basi kuna mkonga wa simu haukurudi mahali pake chumba kingine, au kuna nyaya zinazogusana.

Ikiwa toni ipo kwenye simu na modemu bado inadai haipo, yako mambo mawili. Moja ni kwamba toni haifanani na ile iliyofundishwa. Toni ya Marekani na Uingereza ni mchanganyiko wa hezi 350 na 440. Nchi nyingi nyingine hutumia 425. Modemu iliyoletwa kutoka ng'ambo na ikaachwa kwenye mpangilio wa nchi ilikotoka inaweza kuikataa toni ya hapa. Toni ya kukatikakatika, inayowekwa na kituo cha simu ukiwa na ujumbe wa sauti, nayo huichanganya. Dawa ni kuondoa alama kwenye Wait for dial tone before dialing, au kuandika X3 kwenye kisanduku cha Extra settings. Modemu itapiga bila kusubiri toni.

Jambo la pili halina dawa ya programu. Modemu inajibu OK, simu kwenye waya ule ule inatoa toni, X3 umeweka, lakini ikipiga hakuna sauti yoyote. Hiyo imepigwa na radi. Sehemu inayogusana na laini imeungua, upande wa kompyuta ni mzima. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, Kisumu, Bukoba, Entebbe, wanaijua vizuri. Kadi kama hiyo hubadilishwa. Na kinga ni kuchomoa waya wa simu wakati wa ngurumo. Kuzima umeme peke yake hakusaidii, kwa sababu radi inakuja kwa laini.

Hatua ya kupiga namba haina mengi. Ukiwa nyuma ya swichibodi ya ofisi weka 9 na mkato kabla ya namba. Mkato mmoja ni kusubiri sekunde 2. Kituo cha zamani kisichoelewa toni za vitufe kinataka ATDP (kupiga kwa mapigo) badala ya ATDT (kupiga kwa toni). Kosa 676 ni laini ya mtoa huduma kuwa na shughuli. Pia Windows hupenda kuongeza msimbo wa mji bila kuulizwa. Angalia Dialing Properties.

Kwenye kupatana ndiko kunakopotea muda mwingi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Upande wa pili ukipokea utasikia mlio mmoja mwembamba: ni wa hezi 2100, nao huzima vifaa vya kuondoa mwangwi vilivyo njiani. Kisha modemu mbili zinapeana zamu, zinapima laini kwa milio ya kupanda, na mwisho mnasikia mvumo kama bomba la maji lililofunguliwa. Spika inazima, mmeunganishwa. Jifunzeni kutambua inapokatika. Ikiwa hamsikii ule mlio wa kwanza na binadamu anasema "haloo", namba ni mbaya, na tafadhali acheni kumpigia. Ikiwa mlio upo lakini modemu yenu haijibu, modemu haisikii vizuri. Ikiwa zinaanza, zinanyamaza, zinaanza tena, zinanyamaza, laini ina kelele. Windows kwa yote hayo itawapa 678 tu, ndiyo maana tunasisitiza masikio.

Kupima kelele hakuhitaji kifaa. Inua simu, bonyeza tarakimu moja ili toni inyamaze, sikiliza kwa sekunde kadhaa. Mkwaruzo unaokuja na kuondoka ni kiungo kilicholegea au chenye kutu. Mvumo mzito wa chini ni waya wa simu uliolazwa sambamba na waya wa umeme. Mkwaruzo unaozidi masika na kupona kiangazi ni maji kwenye kisanduku cha viungo nje ya nyumba au chini ya barabara, na hilo ni la kampuni ya simu, siyo lenu. Mlio mfupi wa "tik" kila sekunde moja hivi ni uzio wa umeme wa jirani. Kabla ya kuita kampuni, chomoa kila kitu nyumbani, faksi, king'ora, simu za vyumbani, na upime kwenye soketi ya kwanza kabisa inapoingilia laini. Kelele ikiisha, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane.

Modemu isiyopatana kwenye laini mbovu isilazimishwe kukimbia. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 ndicho kinachosomwa 56K, na V.34 kilichokitangulia kinafika kilobiti 33.6 kwa sekunde. Cha pili ni kivumilivu zaidi. Kwa chipu za Rockwell na Conexant jaribu AT+MS=V34, au AT+MS=11 kwa zile za mwanzo; kwa Lucent, S38=0 huzima kasi za 56K. Andika bila AT kwenye Extra settings. Ni afadhali biti 28,800 kwa sekunde inayokaa saa nzima kuliko 44,000 inayokufa kila dakika ya tano.

Na kuhusu kasi, hiyo 56 msiitegemee. V.90 inatoa kasi hiyo upande wa kupokea tu, na kwa sharti kwamba mtoa huduma ameunganishwa na kituo cha simu kidijitali, yaani ishara igeuzwe kati ya analogi na dijitali mara moja tu njiani. Kutuma kunaishia 33.6. Hata Marekani, kanuni ya nguvu ya ishara ilibana kikomo kwenye 53.3. Laini nzuri ya mjini ikipata kati ya 40 na 50, mshukuruni Mungu mwendelee. Ukikwama daima 33.6 au chini yake, na laini haina kelele, huenda kuna mgeuzo wa ziada: swichibodi ya analogi, au kifaa kinachogawa jozi moja ya nyaya kwa wateja wawili. Hicho cha pili mara nyingi hujulikana kwa kasi ya 26.4. Hakuna draiva ya kukiondoa. Na skrini ikikwambia 115,200, usishangilie. Hiyo ni kasi ya kati ya kompyuta na modemu. Ongeza W2 kwenye Extra settings ili ikwambie kasi ya laini yenyewe. Kwa kadirio la mfukoni, faili la megabaiti 1 kwa 44,000 huchukua zaidi ya dakika 3.

Modemu ya nje kwenye kompyuta ya zamani zaidi ina ugonjwa mwingine: inaunganisha vizuri, kisha mafaili yanafika yameharibika au kupakua kunasimama. Tazama aina ya UART, chipu inayoendesha poti ya serial, kwenye More Info. 16450 hushika baiti moja tu kwa wakati, na kompyuta ikichelewa kuichukua, inayofuata inaifuta. 16550A ina akiba ya baiti 16. Mwenye 16450 ashushe kasi ya poti hadi 38,400 au 19,200. Kwa wote, udhibiti wa mtiririko (kuambiana "subiri" na "endelea") uwe wa maunzi, RTS/CTS.

Kukatika katikati kuna wahusika wanaojulikana. Mlio wa simu inayosubiri ndio mkubwa wao. Marekani huzimwa kwa kutanguliza *70 na mkato, kwingine kuna msimbo wa kampuni ya huko. Mtu kuinua simu jikoni ni wa pili. Kisha kuna ule mpangilio wa kukata baada ya dakika fulani za ukimya, ambao upo kwenye Windows na pia kwa mtoa huduma. Ukatikaji wa mikwaruzo mifupi hupunguzwa kwa S10, mpangilio wa modemu unaohesabu sehemu za kumi za sekunde: S10=50 inaiambia modemu ivumilie sekunde 5 bila mawimbi kabla ya kukata. Na wenye modemu laini kwenye prosesa ya megahezi 200 wazime antivirusi inayokagua kila faili wakati wa kupakua. Prosesa ikishikwa, modemu inakosa pumzi na simu inakatika.

Hatua ya nne ni fupi. 691 ni jina au neno la siri. Caps Lock, nafasi iliyoingia mwishoni, akaunti iliyokwisha. Windows 98 ikisahau neno la siri kila mara, futa mafaili ya .PWL, yanayotunza maneno ya siri, kwenye folda ya Windows uandike upya. Kwa 720, au inapofika kukagua jina kisha ikakata, fungua sifa za muunganisho, Server Types: iwe PPP, ibaki TCP/IP peke yake, ambayo ndiyo itifaki ya intaneti, NetBEUI na IPX za mitandao ya ofisini zitolewe, na alama ya Log on to network iondolewe. Hiyo ya mwisho hurudisha sekunde nyingi zinazopotea kila ukiunganisha.

Umeingia lakini kurasa hazifunguki? Run, winipcfg, angalia kama una anwani. Tumia amri ya ping, inayouliza kama kompyuta nyingine inajibu, kwa anwani ya namba, kisha kwa jina. Namba ikijibu na jina lisijibu, ni DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Zote zikijibu na kurasa bado hazifunguki, modemu haina kosa: tovuti nyingi za leo zinadai TLS 1.2, njia ya kuficha mawasiliano kwa usalama, na kivinjari cha enzi ya Windows 98 hakiijui. Betri ya CR2032 ya bodi mama iliyokufa nayo hurudisha saa nyuma miaka mingi na kuharibu vyeti vya usalama. Zamani Afrika Mashariki palikuwa na sababu nyingine: kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijaanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, na safari ya kwenda na kurudi ilichukua zaidi ya nusu sekunde. Modemu nyingi zilisingiziwa ucheleweshaji ambao ulikuwa angani.

Swali ambalo huwa linaulizwa siku hizi ni hili: nitapiga wapi? AOL yenyewe ilifunga huduma yake ya simu tarehe 30 Septemba 2025. Simu ya mezani inayotumia SIM kadi haifai kabisa, kwa kuwa mtambo wake unabana sauti ya mtu na kutupa kila kisichofanana na sauti ya mtu. Laini ya VoIP, yaani simu inayopita kwenye intaneti, inawezekana kwa shida: chagua G.711 (usimbaji usiobana sauti sana), zima ukandamizaji wa ukimya na uondoaji wa mwangwi, weka bafa isiyobadilika, na uibane modemu kwenye 14,400.

Njia tunayoipendekeza ni modemu mbili bila kituo chochote. Upande mmoja kompyuta ya zamani, upande wa pili kompyuta ndogo ya Linux yenye modemu ya USB, mgetty (programu ya kupokea simu) na pppd (programu ya kuunganisha mtandao). Unganisha LINE kwa LINE kwa waya wa kawaida. Modemu kadhaa zitakubali hivyo hivyo. Zinazogoma zinataka mkondo wa laini, kwa hiyo kata waya mmoja kati ya ile miwili, weka betri ya volti 9 na rezista ya ohmu 300 hivi kwa mfululizo. Upande wa zamani andika ATX1D (piga bila kusubiri toni), na mara moja upande wa pili ATA (pokea), kwa kuwa hapa hakuna mlio wa kuita wa kuamsha modemu. Ikishaungana, pppd ya upande wa Linux ndiyo itoe anwani. Usitarajie zaidi ya 33.6, maana pande zote mbili ni analogi.

Meza ya kushoto ina seti hiyo tayari, na betri za akiba zipo kwenye droo. Karibuni kwa maswali.